Sauti Yangu Kwenye Simu za Watu

4 Februari

Mdogo wangu Kengele,

Salamu. Sisi tunapumua, na kwa mambo yalivyokwenda mwezi huu, hilo si dogo. Binti yangu amepanda darasa. Jirani wa mkono wa kushoto amehama, chumba chake kimechukuliwa na fundi redio anayepiga miluzi kutwa. Cherehani yangu ile ya miguu imekatika mkanda, nimefunga kamba, inakwenda.

Najua unashangaa kupata karatasi badala ya kupigiwa. Bahasha hii nimempa kondakta wa basi la huko kwako, nikamwambia asimpe mtu mwingine yeyote. Simu yangu nimeizima. Kuanzia leo ukitaka kunisikia, utanisoma.

Mama alianguka. Alikuwa anatoka chumbani kuja kunitazama nikishona, akashika mlango, mlango ukasogea, naye akaenda nao mpaka chini. Tulimkimbiza hospitali akiwa baridi mwili mzima. Nesi alimpima presha, akaikuta imeshuka mno, akapima tena mkono wa pili, akaniuliza nani anampa mama dawa za presha. Nikasema mimi. Akaniuliza nampa mara ngapi. Nikasema mara moja, saa moja asubuhi, akishamaliza chai. Akanitazama macho ambayo sitaki tena kutazamwa nayo maishani, akaniambia huyu mama anapewa zaidi ya hapo, na kama nimechoka kumtunza niseme tu.

Nimelala hospitali naye nikijiuliza kama nimeanza wazimu. Labda nampa halafu nasahau. Nililia, sikufichi.

Kesho yake asubuhi nimekaa pembeni ya kitanda, mdomo nimeufunga, natazama ukuta. Mara nikasikia naongea. Mimi. "Mama, dawa. Na usinitazame hivyo." Sauti imetoka kwenye mkoba wa mama, imetoka kwenye ile simu mpya uliyomtumia. Na mama, mwanamke asiyeweza hata kukaa bila kushikwa, akanyoosha mkono kwenye meza kutafuta kopo la dawa.

Mgonjwa wa kitanda cha pili alicheka. Mimi nililiwahi kopo kabla hajalishika.

Sasa nimeelewa. Saa moja nampa mimi, kwa mkono wangu. Saa mbili niko sebuleni, cherehani inapiga kelele, sisikii kitu, nawe unampa tena kwa mdomo wangu. Kopo lilikuwa kwenye meza ya kitandani kwake kwa sababu mama hajawahi kuligusa mpaka nimwambie. Basi ukamwambia, ukiwa ndani ya koo langu.

Mambo mawili. Itoe hiyo sauti. Halafu panda basi uje umwone mama yako. Sikuombi.

Dada yako


21 Februari

Dada,

Shikamoo. Barua yako niliipokea nikiwa nakula, chakula sikumaliza. Pole sana. Mpe mama pole. Huku sijambo, ila mgongo unanisumbua kwa kukaa. Nilijaribu kukupigia tangu siku ile ile, nikaona kweli umezima.

Programu nimeiondoa kwenye simu ya mama, nimefanya hivyo nikiwa hapa hapa, huna haja ya kugusa chochote. Hilo limekwisha.

Lakini naomba unisikilize na mimi, maana umeniandikia kama mtu aliyeweka sumu. Sisi tuko watatu, unawajua kwa habari: Mrefu, ambaye ndiye aliyeanzisha wazo baba yake alipopooza kwa kusahau dawa; Mchoraji, anayepanga vitu vinavyoonekana kwenye kioo cha simu; na mimi. Ofisi yetu ni chumba kimoja juu ya duka la kuchomelea vyuma, tunafanya kazi tukinusa moto. Kabla ya kuandika chochote tulikaa kwenye mabenchi ya zahanati na wazee, tukiwauliza dawa mnazisahauje. Tukatengeneza mlio wa kengele. Wazee wakadhani wanapigiwa, wakaikata. Tukaweka maandishi makubwa. Wakasema wataomba mjukuu awasomee, na mjukuu yuko shule. Tukamleta mtangazaji mwenye sauti nzuri, wakadhani ni redio, wakamwacha aendelee.

Ndipo nikakumbuka siku ile ulikuwa unaongea na mimi kwenye simu huku unampa mama dawa. Mazungumzo yale yalikuwa yamerekodiwa, simu yangu hurekodi yenyewe. Nikakata kipande kile. Tulipokijaribu kwa wazee, Dada, walinyanyuka. Mzee mmoja alijibu kabisa, "Haya mama, nakunywa." Mchoraji alitokwa na machozi. Nilijivuna kwa ajili yako.

Kwa mama niliiweka ili kukupunguzia mzigo. Kila siku nilikuwa napata ujumbe kwamba amebonyeza kitufe cha kijani, amekunywa, nami nafurahi. Nilimwambia mama kwa simu, mwambie dada asihangaike tena na dawa za asubuhi, simu itakuwa inakukumbusha. Nilidhani amekwambia.

Kuhusu kuja, tutaongea. Sasa hivi kuna zahanati kubwa inataka kuitumia, hatulali.

Msalimie mpwa wangu.

Kengele


9 Machi

Kengele,

Marahaba. Mama amerudi nyumbani, anatembea kwa kushika ukuta. Mkanda wa cherehani nimepata. Fundi redio bado anapiga miluzi.

Nimesoma barua yako mara nyingi, na kila mara naishia pale pale. Ulimwambia mama aniambie. Yaani mwanamke anayesahau, ambaye umemtengenezea kitu kwa sababu anasahau, huyo huyo ndiye ulimtuma aje anikumbushe mimi. Watatu wote mmesoma mpaka macho yamechoka, na hakuna hata mmoja aliyeliona hilo? Simu ilikuwa mkononi mwako. Ungenipigia mimi.

Lakini hilo nililiacha, nikasema basi, ameitoa. Acha nikusimulie ya jana.

Amekuja mteja, mama mmoja mnene mwenye haraka zake, kujaribu gauni la harusi ya mdogo wake. Nimempigia magoti napinda upindo, pini zimejaa mdomoni. Mkoba wake uko juu ya kiti. Mkoba ukasema, "Mama, dawa. Na usinitazame hivyo." Nilifunga meno, pini ikanichoma ulimi. Yule mama akacheka mpaka gauni likaachia, akasema, "Huyo dada wa kwenye simu mkali, usimwone hivi. Simu hii ya mama mkwe wangu, nimetoka kuichaji. Anamheshimu kuliko sisi sote tuliomo mle ndani." Halafu akanitazama vizuri. Akasema, "Kumbe sauti yako inafanana na yake." Mimi nikaendelea kupinda upindo, pini mdomoni.

Kwa hiyo uliitoa kwa mama tu. Kwa watu wengine imebaki. Umenipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, Kengele, nami nikalala nikidhani nimepakwa.

Na unajua ni maneno gani hayo mnayowachekesha nayo watu? Siku ile mama alikuwa amenitazama kama hanijui. Ilikuwa mara ya kwanza. Nilikuwa na wewe sikioni, unanihadithia habari za ofisi yenu, na mama ananitazama kama mgeni aliyeingia kumwibia. Nilimwambia usinitazame hivyo kwa sababu niliogopa. Sikukwambia, uliaga kwa haraka. Ndicho kipande ulichokata. Hofu yangu mmeifanya tangazo.

Itoeni kwa wote. Na hukunijibu kuhusu kuja. "Tutaongea" si jibu.

Dada yako


30 Aprili

Dada,

Shikamoo. Samahani kwa kuchelewa. Mrefu alikuwa mgonjwa, nimebeba kazi yake na yangu. Hali ya hewa huku ni joto la kukera, na wachomeleaji wa chini wameongeza mashine.

Kuhusu siku ile na mama, sikujua.

Kuhusu sauti, nililipeleka mezani. Kwetu jambo la wote huamuliwa kwa kura, tuliapa hivyo tangu siku ya kwanza, ili asitokee bosi. Tumepiga. Wawili wamesema ibaki, mmoja amesema itoke. Kwa hiyo imebaki.

Usinikasirikie kabla hujafikiri. Kuna wazee wanaokunywa dawa leo kwa sababu yako. Tumejaribu sauti nyingine, tumemtumia hata Mchoraji mwenyewe. Anasema "Mama, dawa" kama anauza maji. Hawanyanyuki.

Na nikwambie ukweli, nimechoka kuandikiwa kama mtoto mtoro. Unadhani nimekaa kwenye kiti cha kuzunguka nabonyeza bonyeza nikicheka? Mimi nimekaa na wazee wa watu kwenye mabenchi. Nimewashika mikono nikiwafundisha kitufe cha kijani. Nimewafikishia dawa wazee ambao watoto wao wako mbali. Wewe umemtunza mmoja, tena vizuri, sikatai, lakini usiseme sijui kutunza.

Zahanati ile imekubali. Wakati huu siwezi kuondoka hata siku moja, kila kitu kikiharibika wananiita mimi.

Kengele


12 Mei

Kengele,

Wakati huu marahaba sikuandikii, nimeimeza.

Umewashika mikono wazee wa watu. Hongera. Huyu wa kwako mkono wake umekuwa mwepesi, mifupa unaihesabu, na kidole cha kati hakikunjiki tena tangu aanguke. Wewe hujui. Ungeshika ungejua.

Mimi sijasema hujui kutunza. Nimesema hujaja. Unajibu nisichouliza ili upate la kujibu. Tangu uko mdogo ndivyo ulivyo, ukiulizwa umevunja kikombe unaanza kueleza habari za paka.

Sasa kura. Watu watatu, wawili upande mmoja, mmoja upande mwingine. Umenieleza kura ilivyohesabika, umenieleza Mchoraji anasemaje, umenieleza mpaka joto la huko. Hujaniambia wewe ulinyoosha mkono upande gani. Nakufahamu, Kengele. Ungekuwa yule mmoja, ungeniambia kwenye mstari wa kwanza, tena kwa herufi kubwa, ili nikuonee huruma.

Ninyi mnajiita watu wa kutatua shida za kila siku. Ya kwangu ya kila siku nitakuhesabia? Kumwogesha mama anayepiga. Kumfungia mlango wa nje na kumwona anaupigapiga. Kujibu swali moja tangu kumepambazuka. Nikienda kununua nyuzi namwachia binti yangu, na binti naye ana masomo. Sihitaji simu ya kunisemea "Mama, dawa." Hilo ndilo jambo jepesi kuliko yote ninayofanya kutwa nzima. Mmechukua lile jepesi mkalivika sauti yangu, lile zito mkaniachia na mwili wangu.

Daktari anasema akili ya mama inaondoka kwa kurudi nyuma. Ya jana ndiyo ya kwanza kwenda, ya zamani sana ndiyo ya mwisho. Fikiri wewe uko wapi kwenye foleni hiyo.

Dada yako


17 Juni

Dada,

Shikamoo. Nilianza barua hii nikaichana, nikaanza nyingine. Umenivua nguo, na umenivulia peupe.

Ndiyo. Upande ule ule ulioufikiria.

Baada ya barua yako niliingia ofisini mapema kabla ya wenzangu, nikaitoa sauti yako kwa watu wote. Sikuuliza mtu. Nikaweka ya yule mtangazaji. Mrefu alipogundua tulikaribia kushikana mashati. Alisema nimevunja kiapo, nami nikamwambia mbona sauti ya dada yangu hatukuipigia kura siku tunaichukua. Tangu hapo hatusemeshani. Mchoraji ndiye anatupelekea maneno, kama ndoa iliyoharibika.

Lakini sikiliza kilichotokea. Vitufe vya kijani vilianza kupungua siku ile ile. Simu zinasema, wazee hawabonyezi. Watoto wao wanatupigia wakifoka. Na kuna mzee mmoja anaishi peke yake, mkewe alishafariki, alikwenda zahanati kwa miguu kuuliza, "Yule binti mmempeleka wapi? Amefanya kosa gani?" Alidhani tumekufukuza kazi. Alikataa kunywa dawa mpaka ajibiwe.

Mrefu akairudisha sauti yako. Mimi sikumzuia. Nilisimama nyuma yake nikamtazama akifanya.

Kwa hiyo sasa nafanya nilichotakiwa kufanya mwanzo kabisa. Nakuomba ruhusa. Ukisema hapana, nitaitoa tena, na safari hii nitaondoka nayo, wenzangu wabaki na mtangazaji wao.

Jambo la pili. Kwenye simu ya mama nimeweka sauti yangu mimi. Nimesema, "Mama, ni mimi. Kunywa dawa." Itasema saa moja, wakati wako. Asubuhi hiyo wewe usimpe, kaa pembeni na kopo umshikie, mwache anisikie mimi. Nataka angalau hilo liwe langu. Naona simu ya mama imezimwa, iwashe tu.

Nitakuja nikimaliza na zahanati. Safari hii ni kweli.

Kengele


2 Julai

Kengele,

Marahaba, mdogo wangu.

Huku wazima. Fundi redio amekuja kunitengenezea waya wa taa, kumbe ni mtu wa maana, miluzi yake nimeizoea. Binti amekuwa wa tatu darasani.

Kuhusu ruhusa. Nina hasira na wewe, na nitakuwa nayo muda mrefu, usidhani barua moja imeizima. Lakini yule mzee hajanikosea kitu. Iacheni. Mwambieni binti hajafukuzwa, yupo, ana kazi nyingi nyumbani. Ila kile kipande cha "usinitazame hivyo" mkikate. Hicho ni changu na mama, hakuna mwenye ruhusa ya kunitolea. Nitawasemea upya, kwa mdomo wangu, nikijua nasemea watu. Mwambie Mrefu aje na chombo chake anirekodi hapa hapa, mimi siendi popote. Na siku nyingine, kabla ya kuchukua kitu cha mtu, kipigieni kura mbele yake.

Sasa la mama. Nilifanya ulivyosema. Niliwasha simu, nikaiweka juu ya meza ya kitandani, nikakaa kwenye kiti na kopo mkononi. Chai alikuwa amemaliza. Ilipofika saa moja, ukasema, "Mama, ni mimi. Kunywa dawa."

Mama alishtuka. Akavuta shuka mpaka kidevuni. Akaniuliza kwa kunong'ona, "Huyo mwanamume ameingilia wapi?"

Nikamwambia ni simu, mama. Akasema mwambie mwenye nyumba hayupo. Simu ikarudia, maana mmeipanga irudie asipobonyeza. Safari hii akaanza kutetemeka. Nikaichukua, nikaizima. Nikakaa kitandani nikamshika, nikamwambia, mama, usiogope, yule ni Kengele. Ni mwanao Kengele ndiye anaongea.

Alinitazama kwa hasira, hasira yake ile ya zamani unayoikumbuka, ya mtu mwenye akili zake zote. Akasema, "Usinidanganye. Kengele hapigi hodi, anaingia tu." Halafu akanituma niende nje nikamwite, amecheza vya kutosha, magoti yake yatakuwa machafu, na maji ya kuoga yanapoa.

Nilitoka nje. Ningefanyaje? Nilisimama pale mlangoni nikasubiri kidogo, nikarudi nikamwambia anakuja. Akasema haya. Akanywa dawa. Mpaka jua linazama kila mlango ukilia ananyanyua kichwa.

Huyo mtoto mwenye magoti machafu ndiye wewe pekee aliyebaki ndani ya mama. Njoo kabla naye hajamtoka. Usibishe hodi.

Dada yako